HUJAFA HUJAUMBIKA: MAISHA YA HARVEY CUSHING NA SIRI YA TEZI YA PITUITARI

Utangulizi

Wahenga waliponena kwamba hujafa hujaumbika, walikuwa wakimwonya binadamu asimcheke mwenzake aliyepatwa na kilema, kwa maana umbo alilo nalo leo si lazima liwe ndilo atakaloingia nalo kaburini. Aghalabu methali hii hutajwa pale mtu anapopata ajali. Hata hivyo, yako maradhi yanayoithibitisha neno kwa neno. Mtu mzima aliyekwisha kukoma kukua huona pete haimwingii tena kidoleni. Viatu alivyovivaa mwaka uliopita vinambana. Taya linarefuka, pua inapanuka, ulimi unanenepa na sauti inakuwa nzito. Kichwa humwuma daima, na macho huanza kupoteza nuru. Baada ya miaka michache, picha yake ya arusi haifanani tena na uso wake, na watoto wa jirani humkimbia njiani.

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili anajua kwamba mtu akikuzwa huwa jitu na akidunishwa huwa kijitu. Anajua pia kwamba katika safari hiyo ya kutoka ngeli moja hadi nyingine, mara nyingi heshima hupotea njiani. Jambo hili si la lugha moja. Katika Ulaya na Marekani ya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watu warefu kupita kiasi, wafupi kupita kiasi na wale waliobadilika sura kwa maradhi walioneshwa katika sarakasi na maonyesho, na watazamaji wakalipa kiingilio ili wawashangae. Makala hii inasimulia maisha ya Harvey Cushing, tabibu Mmarekani ambaye kazi yake ilisaidia kuwatoa watu hao katika jukwaa la kushangaziwa na kuwaweka katika kitanda cha mgonjwa. Ni maisha yenye ushindi mwingi, lakini pia yenye makosa, na makosa hayo yalilipiwa na wengine.

Kuzaliwa na Masomo Yake

Harvey Williams Cushing alizaliwa tarehe 8 Aprili 1869 katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto kumi. Udaktari ulikuwa urithi wa ukoo wao, kwani baba yake, babu yake na baba wa babu yake wote walikuwa matabibu. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Yale hadi 1891, kisha akajiunga na Chuo cha Utabibu cha Harvard alikohitimu 1895.

Tangu ujana wake alikuwa na vipawa viwili vilivyomfaa baadaye. Cha kwanza kilikuwa mkono wa mchoraji, kwa maana alichora kwa penseli kila alichokiona katika upasuaji. Cha pili kilikuwa uchungu wa kutoridhika na kazi duni, hasa ikiwa ni kazi yake mwenyewe. Alipokuwa bado mwanafunzi, aliagizwa kumpa mgonjwa etha, dawa ya usingizi iliyotumiwa wakati huo. Mgonjwa akafariki katika kazi hiyo. Cushing alishtuka mno hata akafikiria kuuacha utabibu. Badala yake, yeye na mwanafunzi mwenzake, Ernest Amory Codman, walibuni chati ya kuandikia mapigo ya moyo na pumzi za mgonjwa muda wote awapo usingizini. Chati hizo ni miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo kabisa za aina hiyo.

Mwaka 1896 alikwenda katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, akawa chini ya William Halsted, bingwa aliyefundisha kwamba kisu cha mpasuaji kinapaswa kwenda polepole na kuhifadhi kila tone la damu. Hapohapo alifanya urafiki na William Osler, tabibu mashuhuri aliyekuwa kwake kama baba wa pili. Kati ya 1900 na 1901 alizuru Ulaya, akafanya utafiti katika maabara za Bern, Uswisi, alikokuwa mpasuaji Theodor Kocher, na kwa Charles Sherrington huko Liverpool. Alipopita Pavia, Italia, aliona kifaa cha kupimia shinikizo la damu kilichobuniwa na Scipione Riva-Rocci, akakipeleka Marekani na kukieneza huko.

Kosa Lililomfungua Macho

Katika enzi hizo, kulipasua fuvu la binadamu kulikuwa karibu sawa na kumhukumu kifo. Wagonjwa wengi waliopasuliwa ubongo walifariki kwa kuvuja damu au kwa uambukizo. Cushing aliporejea kutoka Ulaya aliamua kuifanya kazi hiyo kuwa taaluma yake, wakati ambapo karibu hakuna mpasuaji aliyeweza kujipatia riziki kwa upasuaji wa ubongo pekee.

Mwaka huo wa 1901 aliletewa msichana wa miaka 14. Msichana huyo aliumwa na kichwa, macho yake yalikuwa yakififia, alikuwa amenenepa, na mwili wake ulikuwa haujaonyesha dalili zozote za kubalehe. Cushing alitambua kwamba kulikuwa na uvimbe ndani ya fuvu, lakini hakujua ulipo. Alimpasua mara tatu bila kuuona. Msichana alifariki. Maiti ilipochunguzwa, uvimbe ulionekana chini kabisa ya ubongo, mahali ilipo tezi ya pituitari.

Baadaye Cushing alifahamu kwamba katika mwaka huohuo wa 1901, tabibu Alfred Fröhlich wa Vienna alikuwa ameeleza habari za mvulana mwenye dalili zilezile na kuzihusisha na uvimbe katika tezi hiyo. Kumbe alama zote zilikuwa zimeandikwa katika mwili wa msichana yule, ila tabibu wake hakuwa amejifunza kuzisoma. Cushing hakulificha jambo hili. Aliliandika na kulichapisha mwaka 1906, na tangu hapo tezi ile ndogo haikutoka tena akilini mwake.

Tezi Isiyojulikana Kazi

Tezi ya pituitari haizidi punje ya njegere kwa ukubwa, na uzito wake hukaribia nusu gramu. Imekaa katika kishimo cha mfupa katikati ya fuvu, nyuma ya pua, ikining'inia chini ya ubongo kwa kikonyo chembamba. Juu yake kidogo ndipo inapokutana mishipa ya fahamu ya macho. Ndiyo sababu tezi hii inapovimba, macho huathirika.

Kwa karne nyingi wataalamu waliifuata imani ya tangu zama za Galeni kwamba kazi ya tezi hii ni kuchuja ute wa ubongo na kuutoa kupitia puani. Jina lenyewe, pituitari, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kamasi. Mwaka 1886 tabibu Mfaransa Pierre Marie alieleza ugonjwa wa kukua kwa mikono, miguu na uso katika utu uzima, akauita akromegali. Punde ikadhihirika kwamba wengi wa wagonjwa hao wana tezi ya pituitari iliyovimba. Swali likabaki: je, wanaugua kwa sababu tezi imeshindwa kufanya kazi, au kwa sababu inafanya kazi kupita kiasi? Marie alielekea jibu la kwanza, na wengine wakashikilia la pili. Bila jibu, hakuna aliyeweza kujua kama mgonjwa ahitaji kuongezewa kitu au kupunguziwa.

Kutoka Maabara hadi Chumba cha Upasuaji

Cushing alilitafuta jibu kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa maabara. Katika Maabara ya Hunterian huko Baltimore, yeye pamoja na Samuel Crowe na John Homans waliwaondolea mbwa tezi ya pituitari, wengine yote na wengine sehemu tu. Walioondolewa yote walifariki baada ya muda mfupi. Walioachiwa kipande walinenepa, na viungo vyao vya uzazi vikanyauka. Watoto wa mbwa walidumaa. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 1910. Kwa jumla yalilandana na yale aliyokuwa ameyapata Nicolae Paulescu wa Bucharest, ambaye Cushing aliifuata njia yake ya upasuaji.

Hitimisho la Cushing kwamba mnyama hawezi kuishi bila tezi hii lilikuwa limevuka mpaka. Bernhard Aschner wa Vienna alionyesha kwamba mbwa aweza kuishi bila tezi hiyo iwapo sehemu ya ubongo iliyo juu yake, yaani haipothalamasi, haikujeruhiwa. Watoto wake wa mbwa waliishi, lakini walibaki wafupi. Hivyo basi Cushing alikosea kuhusu uhai, lakini alipatia kuhusu ukuaji, kwamba sehemu ya mbele ya tezi hii hutoa kitu kinachoukuza mwili.

Njia ya pili ilikuwa chumba cha upasuaji. Mwaka 1907, Hermann Schloffer wa Innsbruck, Austria, alikuwa amefaulu kuufikia uvimbe wa pituitari kwa kupitia puani. Mnamo Machi 1909, Cushing alimpokea mkulima mmoja kutoka South Dakota aliyekuwa akiugua akromegali. Alimpasua kwa kupitia pua na kuondoa sehemu ya tezi iliyovimba. Mkulima alipona jeraha, maumivu ya kichwa yakamwachia, na uvimbe wa mwili ukapungua. Aliishi miaka mingi baada ya hapo.

Upasuaji huo ulitibu mtu mmoja, lakini vilevile ulijibu lile swali la Marie. Lau ugonjwa ungekuwa umetokana na upungufu, kuondoa sehemu ya tezi kungeuzidisha. Maadamu dalili zilipungua, ilikuwa dhahiri kwamba tezi ilikuwa ikizalisha kupita kiasi. Mwaka huohuo Cushing alitangaza mgawanyo ambao umebaki msingi wa elimu ya tezi hii hadi leo: kuna wagonjwa wa ziada na kuna wagonjwa wa upungufu. Ziada ikianza utotoni, kabla mifupa haijafunga, mtu hurefuka kupita kiasi. Ikianza baada ya mifupa kufunga, hawezi tena kurefuka, bali hupanuka uso, mikono na miguu. Upungufu ukianza utotoni, mtoto hubaki mfupi na hachelei kuchelewa kubalehe. Watu waliodhaniwa kuwa wa aina tatu tofauti, kila mmoja na hadithi yake ya ajabu, wakawa ndugu wa tezi moja.

Kaburi Alilonyimwa Charles Byrne

Mwaka 1909 Cushing alikuwa London, katika jumba la makumbusho la Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji. Humo mlihifadhiwa mifupa ya Charles Byrne, kijana wa Ireland aliyekuwa na urefu wa takriban mita 2.3. Byrne aliishi kwa kujionyesha kwa malipo na alifariki mwaka 1783 akiwa na miaka 22. Alikuwa ameagiza mwili wake uzikwe baharini, kwa kuogopa kwamba wapasuaji wangeuchukua. Hofu yake ikawa kweli, kwani John Hunter, mpasuaji maarufu wa zama hizo, aliupata mwili huo kwa hila na fedha, akauchemsha na kuiweka mifupa katika mkusanyo wake.

Cushing na msimamizi wa jumba hilo, Arthur Keith, walilifungua fuvu la Byrne. Ndani walikuta kishimo cha pituitari kimepanuka kupita kawaida. Urefu wa Byrne haukuwa ajabu wala laana, ulikuwa dalili ya ugonjwa. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 2011, wanasayansi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa meno yake yaliyoonyesha kwamba alikuwa na hitilafu ya kurithi katika jeni iitwayo AIP, hitilafu ambayo bado huonekana katika baadhi ya familia za kaskazini mwa Ireland.

Hapa elimu na haki zinagongana. Fuvu lile lilifundisha mengi, lakini mwenyewe hakulitoa. Haikuwa hadi mwaka 2023 ambapo jumba hilo, lilipofunguliwa upya, liliacha kuionyesha mifupa hiyo hadharani. Cushing, aliyewasikitikia wagonjwa walio hai, hakuonekana kusumbuliwa na wasia wa marehemu. Kila zama zina mahali ambapo macho yake hayafiki.

Kitabu cha Mwaka 1912

Mwaka 1912 Cushing alichapisha kitabu chake The Pituitary Body and Its Disorders. Kitabu hiki kinaeleza habari za takriban wagonjwa 50, kila mmoja kwa picha zake, vipimo vyake na historia ya maisha yake. Msomaji hukutana na watu kabla ya kukutana na nadharia. Picha za kabla ya ugonjwa zimewekwa kando ya picha za baadaye, na bila shaka hakuna ufafanuzi wa methali ya hujafa hujaumbika ulio wazi kuliko huo.

Mmoja wa watu hao alikuwa mwanamke wa miaka 23 ambaye Cushing alishindwa kumweka katika fungu lolote. Alikuwa mnene usoni na kiwiliwilini lakini si miguuni wala mikononi. Alikuwa na nywele nyingi usoni, michirizi ya zambarau tumboni, shinikizo kubwa la damu, na hedhi yake ilikuwa imekoma. Hakuwa mgonjwa wa ziada aliyoijua Cushing wala wa upungufu. Cushing alimwandika kama alivyomwona, akaliacha fumbo wazi. Lilimkaa moyoni kwa miaka 20.

Si kila alilojaribu lilifaulu. Katika miaka ya 1911 na 1912 alijaribu kuwapandikizia wagonjwa wa upungufu tezi za watoto wachanga waliofariki. Magazeti yalilipokea jambo hilo kwa vifijo, yakatangaza ushindi kabla haujapatikana. Vipandikizi havikudumu, kwa sababu elimu ya namna mwili unavyokataa viungo vya kigeni ilikuwa bado haijapatikana.

Boston, Vita na Msiba

Mwaka 1912 Cushing alihamia Boston, akawa profesa wa upasuaji katika Harvard na mpasuaji mkuu wa Hospitali ya Peter Bent Brigham. Huko alitengeneza shule ya wapasuaji wa ubongo, na vijana kutoka nchi nyingi wakaja kujifunza kwake. Alianzisha matumizi ya vibanio vidogo vya fedha vya kufungia mishipa ya damu, na mwaka 1926, kwa ushirikiano na mwanafizikia William Bovie, akaanza kutumia kisu cha umeme kuzuia damu isivuje. Alibadilisha njia ya kuifikia pituitari, akawa anapasua ndani ya mdomo wa juu ili asiache kovu usoni. Kati ya 1910 na 1925 aliwapasua wagonjwa 231 kwa njia hiyo, na waliofariki walikuwa asilimia 5.6, kiwango ambacho miaka michache tu kabla yake kingeonekana ndoto.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alihudumu Ufaransa na Ubelgiji, akiwapasua askari waliopigwa risasi na vipande vya makombora kichwani. Mwaka 1917 alimshuhudia Revere, mwana pekee wa rafiki yake Osler, akifariki kwa majeraha ya vita. Osler naye alifariki 1919, na Cushing akaandika wasifu wake katika juzuu mbili uliochapishwa 1925. Kitabu hicho kilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1926.

Mwaka huohuo wa furaha ulileta msiba. Mwanawe mkubwa, William, mwanafunzi wa Yale, alifariki katika ajali ya gari. Cushing alipata habari hizo asubuhi, akaingia chumba cha upasuaji na kumhudumia mgonjwa aliyekuwa amepangiwa siku hiyo. Wengine wameliona jambo hili kuwa ushujaa, wengine ugumu wa moyo. Yamkini lilikuwa yote mawili. Wasaidizi wake walijua kwamba ulimi wake ulikuwa mkali kama kisu chake, na mkewe, Katharine, aliwalea watoto watano karibu peke yake, kwa maana hospitali ilikuwa mke mwenza asiyeshindika.

Barua ya Mwaka 1927

Pamoja na ukali huo, Cushing hakuvumilia wagonjwa wake wafanyiwe mzaha. Katika miaka ya 1920, mwanamke Mwingereza aitwaye Mary Ann Bevan alikuwa akioneshwa katika sarakasi nchini Marekani kama mwanamke mwenye sura mbaya kuliko wote duniani. Bevan alikuwa muuguzi. Akiwa mtu mzima alipatwa na akromegali, na sura yake ikabadilika kabisa. Mumewe alifariki 1914 akamwachia watoto wanne. Kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kuwalisha, alikubali kuuza alichokuwa nacho, nacho kilikuwa uso uliochekwa.

Mwaka 1927 jarida la Time lilichapisha picha yake kwa kejeli. Cushing aliliandikia jarida hilo barua ya kulikemea. Alieleza kwamba mwanamke huyo ni mgonjwa, kwamba nyuma ya uso ule yako maumivu makali ya kichwa na macho yanayoelekea upofu, na kwamba zamani alikuwa na sura ya kupendeza kama wanawake wengine. Barua hiyo haikumponya Bevan, aliyefariki 1933, wala haikuyafunga maonyesho. Lakini ndani yake mna hoja yote ya maisha ya Cushing: kwamba anayeitwa jitu ni mtu, na kwamba kicheko hutoka kwa asiyejua anachokitazama.

Fumbo Lapata Jibu

Mwaka 1932 Cushing alichapisha makala iliyolirudia fumbo la yule mwanamke wa kitabu cha 1912. Alikuwa amekusanya habari za wagonjwa 12 wenye dalili kama zake, wengine wake mwenyewe na wengine kutoka maandishi ya matabibu wenzake. Katika baadhi yao, uchunguzi wa maiti ulikuwa umeonyesha uvimbe mdogo sana wa chembe fulani za pituitari. Cushing alidai kwamba uvimbe huo, hata ukiwa mdogo kiasi gani, ndio unaouvuruga mwili wote.

Wengi walimpinga, kwa sababu dalili zilezile zilionekana pia kwa watu wenye uvimbe katika tezi za adrenali, zilizo juu ya figo. Muda ulionyesha kwamba pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli. Leo inajulikana kwamba dalili hizo husababishwa na wingi wa homoni ya kotisoli inayotoka katika adrenali, na kwamba mara nyingi ni pituitari inayoziamrisha adrenali kuizalisha bila kiasi. Ugonjwa huo unaitwa ugonjwa wa Cushing hadi leo.

Mwaka huohuo alistaafu Boston, na mwaka 1933 akarudi Yale. Alikuwa amekwisha kuthibitisha na kupasua zaidi ya vivimbe 2,000 vya ubongo, na mkusanyo wake ulitunzwa na Louise Eisenhardt, tabibu bingwa wa kuvichunguza. Alipendekezwa mara nyingi kwa Tuzo ya Nobel bila kuipata. Alifariki tarehe 7 Oktoba 1939 mjini New Haven kwa maradhi ya moyo. Maiti yake ilipochunguzwa, ubongoni mwake mlikutwa kivimbe kidogo ambacho hakikuwa kimemsumbua. Mtu aliyetafuta uvimbe katika vichwa vya maelfu alikuwa amebeba wake bila kujua.

Mbegu Alizozipanda

Cushing aliithibitisha ziada na upungufu, lakini hakuishika mkononi homoni yenyewe ya ukuaji. Kazi hiyo iliachiwa wengine. Mwaka 1921 Herbert Evans na Joseph Long, huko California, walionyesha kwamba panya waliodungwa maji yaliyotolewa katika sehemu ya mbele ya pituitari walikua kuliko wenzao. Mwaka 1944 Evans na Choh Hao Li, mwanakemia aliyezaliwa China, walifaulu kuichuja homoni ya ukuaji ya ng'ombe. Ikadhihirika, hata hivyo, kwamba homoni ya ng'ombe haimkuzi binadamu. Mwaka 1956 Li aliipata ile ya binadamu kutoka tezi za maiti, na mwaka 1958 Maurice Raben alitangaza kwamba kijana mwenye upungufu aliyedungwa homoni ya binadamu alikuwa ameanza kurefuka.

Kwa zaidi ya miaka 20 watoto walitibiwa kwa homoni iliyotolewa katika maiti. Mwaka 1985 iligunduliwa kwamba baadhi yao walikuwa wameambukizwa kwa dawa hiyo ugonjwa wa ubongo usio na tiba uitwao Creutzfeldt-Jakob, na matumizi yake yakasitishwa Marekani na kwingineko. Katika mwaka huohuo homoni iliyotengenezwa kwa bakteria ikaidhinishwa Marekani. Aidha, njia ya upasuaji wa kupitia puani, ambayo Cushing mwenyewe aliiacha mwishoni mwa kazi yake, ilihifadhiwa na mwanafunzi wake Norman Dott huko Edinburgh. Dott alimfundisha Gérard Guiot wa Paris, naye Guiot akamfundisha Jules Hardy wa Montreal, aliyeiongezea hadubini katika miaka ya 1960. Leo hii ndiyo njia kuu ya kuondoa uvimbe wa pituitari kote duniani.

Hitimisho

Maisha ya Harvey Cushing yanafunza kwamba elimu haishuki kama mvua. Ilianza kwa msichana wa miaka 14 ambaye tabibu wake hakuweza kumwokoa, ikapitia kwa mbwa wa maabara, kwa mkulima wa South Dakota, kwa mifupa ya kijana aliyenyimwa bahari, na kwa watoto waliodungwa dawa iliyobeba mauti. Cushing anasifiwa kwa haki, lakini sifa hizo hazitimii bila kuwakumbuka hao.

Kwa mwanafunzi wa lugha, liko funzo la ziada. Majina kama jitu, zimwi na mbilikimo yaliwekwa na watu walioona umbo wasijue chanzo chake. Katika hadithi yana nafasi yake, na fasihi simulizi ingepungukiwa bila hayo. Lakini anapopita mtu halisi, mwenye taya refu au kimo kifupi, sarufi ya utu inamdai msemaji amrudishe katika ngeli yake ya kwanza, ngeli ya mtu na watu. Tezi inayolitofautisha umbo lake na la msemaji haizidi punje ya njegere, nayo imo katika kila fuvu.